Mkono Usiouma

Mama Pasi alisimama kushuhudia Jumapili moja ya joto kali, amevaa gauni lisilo na mkunjo hata mmoja, maana mpiga pasi akionekana kanisani na nguo zilizojikunja, ajue kesho hana mteja. Alijulikana kwa maneno mengi. Mama Kengele, mzee wa kanisa ambaye kazi yake ilikuwa kugonga kengele ndogo pale mtu anaposahau kumaliza ushuhuda, alikuwa ameshaishika tayari. Siku hiyo hakuigonga.

Mama Pasi alisema ana miaka ishirini na miwili katika kazi ya pasi ya mkaa, na mwaka huu wote mkono wake wa kulia ulikuwa umemtesa. Maumivu yalianzia kwenye kiwiko, yakashuka mpaka kidole cha mwisho, akawa halali usiku. Akafunga siku saba kwa maji matupu. "Nilimwambia Bwana, niondolee maumivu haya tu, kingine sikuombi. Na leo, ndugu zangu, mkono hauumi. Hauumi kazini, hauumi kitandani. Juzi kaa la moto limenidondokea hapa, nikabaki nalitazama. Sikusikia chochote."

Kanisa likajaa vigelegele. Mchungaji alifumba macho akainua mikono, na wanawake wa kwaya walishuka jukwaani kuja kumkumbatia. Kwenye benchi la nyuma alikaa mumewe, fundi saa, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemwachia mkewe kazi ya kusema kwa niaba ya wote wawili. Aliirudia moyoni ile sentensi ya mwisho, na hakupiga makofi.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kibaraza, na kibaraza kilikuwa kimegawanywa kama nchi mbili zenye amani. Upande wa kulia meza ya mama: blanketi lililokunjwa mara nne, pasi tatu zinazopokezana, ndoo ya makaa, bakuli la maji ya kunyunyizia. Upande wa kushoto meza ndogo ya mzee, yenye vibisibisi vyembamba kama sindano na kile kioo cha kubana jichoni ambacho kilimwonesha mambo ambayo wengine hawayaoni. Wateja walizoea kumsalimu mama kwa sauti na mzee kwa kichwa.

Ilikuwa siku ya nne baada ya ushuhuda. Mzee alikuwa ameinamia saa ya mteja, akanusa. Akainua kichwa, akanusa tena. Alidhani jirani anachoma nyama.

"Mama," alisema. "Unaungua."

Mama Pasi aliangalia shati lililokuwa mezani, akaona halina doa. Akaangalia pasi. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeegemea ubavu wa chuma, kimetulia, na ngozi yake imegeuka nyeupe na kuanza kujikunja. Alikiondoa taratibu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Kisha akacheka.

Mzee hakucheka. Alileta maji na kitambaa, akamfunga, na alipomfunga akaona kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, baka lililopauka, kubwa kuliko sarafu, lisilo na jasho wakati mkono mzima ulikuwa unatiririka. Alimuuliza lilikuwapo tangu lini. Akajibiwa kuwa ni joto la pasi, mbona hata yeye ana alama ya kioo pembeni mwa jicho. Akamwambia twende hospitali.

"Nikamwambie nini daktari?" aliuliza mama. "Watu wanaenda hospitali kwa kuwa wanaumwa, mzee. Mimi niende kwa kuwa siumwi?"

Fundi saa alirudi kwenye saa yake. Baadaye angejilaumu kwa kimya hicho kuliko kwa kosa lolote alilowahi kutenda kwa mdomo.

*

Sifa ni kama chumvi, ikizidi chakula hakiliki, lakini anayeitia huwa hajui. Ushuhuda wa Mama Pasi ulitoka kanisani ukashika barabara. Mchungaji aliuweka kwenye mahubiri mara mbili. Alihubiri habari za yule mtume aliyeandika akiwa gerezani kwamba amejifunza kuridhika, awe ameshiba au ana njaa, kisha akanyoosha kidole kwa Mama Pasi: tazameni, mtu aliyeridhika ndiye huyu, hana lalamiko. Naye mama alikaa wima kwenye benchi la mbele, akaamini.

Uani alikuwa mtu wa kuitwa. Sufuria ikichemka na kitambaa cha kuipulia hakionekani, wanawake walimwita Mama Pasi aje. Alishika kwa mkono mtupu, akaipua, akaiweka chini, na watoto wakaomba arudie. Mwanzoni alifanya kwa kusaidia. Baadaye, tuseme ukweli, alifanya kwa kuonekana. Kanisani wakamtia katika kundi la kutembelea wagonjwa, na wenye homa walitaka ule mkono uwekwe juu ya vipaji vyao vya uso, ule na si mwingine. Aliuweka. Hakuweza kusikia kama kipaji kina moto au ni baridi, lakini hilo hakumwambia mtu.

Akaanza pia kuwaonya wanaolalamika. Jirani aliyesema mgongo unamuuma aliambiwa imani yake ichunguzwe. Binti yake mwenyewe, aliyefanya kazi kiwanda cha mkate na kurudi miguu imevimba, aliambiwa ajifunze kuridhika kama mama yake. Binti alimtazama akanyamaza, kwa kuwa huyo mama ndiye aliyekuwa akiachiwa mtoto kila siku, na mtu hagombani na anayemlelea.

Mambo madogo yalikuwa yanaharibika, moja baada ya jingine. Vifungo vilianza kumshinda, vikateleza kama sabuni. Kidole cha mwisho kilijikunja ndani na hakikutaka kunyooka, na cha pili yake kikaanza kukifuata. Malengelenge yalitokea viganjani asijue yametoka wapi. Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alirudisha shati lake jeupe, akalitandaza juu ya meza mbele ya wateja watatu. Kwenye kola palikuwa na alama ya hudhurungi ya pasi, na kwenye mfuko tone la damu.

"Mama, mimi sikuagiza nakshi," alisema mwalimu mkuu. Wateja wakacheka. Hakurudi tena na nguo zake, na wawili kati ya wale watatu hawakurudi pia.

Mama Pasi alilifua lile shati mara nne. Doa la damu lilitoka. Aliugeuza mkono wake juu chini akitafuta damu ilitoka wapi, akapata mpasuko kwenye kidole gumba, mrefu, mdomo wazi. Alikaa kitako, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Kisha akajiambia kwamba hofu ni ukosefu wa shukrani, akafunga kidole kwa kitambaa, akaimba.

*

Mjukuu alikuwa na miezi kumi na mmoja. Bibi yake alimwita mume wangu mdogo, na kila asubuhi alipoletwa alimtangazia fundi saa kwamba zamu yake ya ndoa imekwisha, mwenyewe amekuja. Mzee naye angesema basi huyo mume mpya anunue mkaa. Ndio utani pekee aliokuwa nao, na aliutumia kila siku.

Mchana mmoja mtoto alikuwa amejipaka majivu mwili mzima. Bibi alichemsha maji, akamimina kwenye beseni, akaongeza ya baridi kutoka mtungini. Mtungi ulikuwa karibu kuisha, akakadiria. Kisha akafanya kile alichofanya kwa watoto wake wote na kwa watoto wa watu: akazamisha mkono wa kulia mpaka kifundoni, akasubiri, akasikiliza.

Maji yalikuwa sawa. Hayakuwa na kasoro yoyote. Akamshika mume wake mdogo chini ya kwapa, akamteremsha, miguu kwanza.

Fundi saa aliangusha kioo chake. Alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa kiumbe hai. Alipofika uani mkewe alikuwa ameshamtoa mtoto na kumkumbatia, naye anauliza, anauliza tu, "Nini? Nini? Maji yako sawa, mzee, nimepima, maji yako sawa." Mzee alitia kidole kwenye beseni akakitoa mara moja. Kisha akautazama mkono wa mkewe. Ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni, kama glovu, na mwenyewe alikuwa hana habari nao.

*

Katika chumba cha vidonda hospitalini nesi alifanya kazi bila maneno. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, na mikono iliyojua inakokwenda. Miguu ya mtoto ilikuwa imeungua mpaka juu ya vifundo; ingepona, alisema, vidole vyote vipo, ila alama haitatoka. Binti alikuwa amefika kutoka kiwandani na unga kwenye nywele, amemshika mwanawe kichwa, hataki kumwangalia mama yake.

"Nani alipima maji?" nesi aliuliza alipomaliza kufunga bandeji.

"Mimi," alisema Mama Pasi.

"Kwa mkono gani?"

Akauonesha. Nesi aliushika, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama kidole kilichojikunja, mpasuko wa gumba, malengelenge mapya. Akapandisha mkono wa gauni akaliona baka; kulikuwa na mengine mawili juu yake. Hakushtuka, na kutoshtuka kwake kulimtisha mama kuliko kelele.

Alimketisha kwenye kiti, akachomoa kipande cha pamba, akakisokota ncha. "Fumba macho, mama. Kila nikikugusa, nioneshe kwa kidole cha mkono wa kushoto mahali nilipogusa."

Mama Pasi alifumba macho. Alisikia mjukuu wake akikata kwikwi. Alisikia kiatu cha mtu kikipita nje, na mlango ukifunguliwa na kufungwa. Alisubiri. Akadhani nesi ameitwa, au anatafuta kitu mezani. Akasubiri tena, ameweka kidole tayari, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Anza basi, mwanangu," alisema.

"Nimeshamaliza, mama."

Alipofumbua macho, mumewe alikuwa amegeukia ukuta. Fundi saa alikuwa amehesabu. Pamba ilipita mara kumi na moja.

Daktari aliitwa. Aliminya kiwiko, akauonesha mshipa wa fahamu uliovimba kama kamba chini ya ngozi. Huo, alieleza, ndio uliokuwa ukiuma mwanzoni, na uliacha kuuma kwa sababu ulikuwa unakufa. Kisha akalitaja jina la ugonjwa. Alilitaja taratibu na palepale akalifunika kwa maneno mengine: kwamba dawa ipo, kwamba ni ya bure, kwamba ataimeza mwaka mzima na ataanza leo mbele yake, kwamba akishaanza hamwambukizi mtu, kwamba mzee na binti na mtoto watapimwa tu kwa uhakika. Kuhusu ganzi hakuahidi. Huenda sehemu ya hisia ikarudi. Huenda isirudi. Kazi ya moto aiache.

Katika maneno yote hayo binti alisikia moja. "Ukoma," alisema, na alimwambia nesi, si mama yake. "Na mwanangu analala kifuani kwake kila siku."

Nesi alijaribu kumweleza. Binti alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Mlangoni alisimama, na hapo akamtazama mama yake kwa mara ya kwanza siku ile. "Ulikuwa unaniambia niridhike," alisema, akatoka.

*

Pasi tatu zilikaa kibarazani zimepoa. Mzee alizifunika kwa gunia, mkewe akalifunua, mzee akalifunika tena. Dawa iliugeuza mkojo wake mwekundu kama damu, na kwa kuwa choo cha uani ni cha wote, siku ya pili tu ua mzima ulikuwa unajua kwamba kuna jambo. Siku ya tano ulikuwa unajua jina lake. Sufuria zilichemka na hakuna aliyemwita. Wale watoto waliokuwa wakiomba arudie walivutwa ndani kwa mkono.

Mchungaji alikuja alasiri moja. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri kulisema hilo mapema. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akaomba sala fupi. Mama Pasi alimwandalia chai kwa mkono wa kushoto, akaitua mezani bila kumwaga hata tone, naye akaona fahari kidogo.

"Mama, nimekuja tushauriane," alisema mchungaji. "Watu wengi wameinuka kwa ushuhuda wako. Wengine wameokoka. Tukisimama sasa tukasema vingine, tutawavunja mioyo. Nakuomba utulie nyumbani kwanza. Ugonjwa ni siri ya mtu. Sisi tutakuombea."

Walizungumza mengine ya kupoteza muda. Alipoondoka, mama aliichukua chai. Ilikuwa imejaa vilevile, imeweka utando juu. Aliimwaga uani, akarudi, akaketi sakafuni, na hapo ndipo alipomkasirikia Mungu kwa sauti. Alimwambia kwamba alimwomba jambo moja. Alifunga, hakudanganya, hakuiba. Kama jibu lilikuwa hapana, kwa nini likaja na sura ya ndiyo? Kwa nini amruhusu kusimama mbele ya watu kushukuru kwa kuoza? Na mtoto, mtoto alikuwa na kosa gani? Fundi saa alisikiliza kutoka kibarazani. Alimwacha amalize yote.

Kisha akaingia na kiti, na kioo chake, na taa ya kazi, kwa kuwa nesi alikuwa ameagiza: mkono usiosikia lazima uangaliwe kila siku, kidole kwa kidole, maana jeraha halitapiga hodi. Mzee ndiye aliyejitwalia kazi hiyo. Aliuweka mkono wa mkewe juu ya goti lake, akabana kioo jichoni, akaanza na gumba.

"Sitaki leo," alisema mama.

"Haya," alijibu mzee, akaendelea.

Akapita kidole cha pili, cha tatu. Akakuta kibanzi cha kuni, akakitoa kwa koleo yake ya saa. Baada ya muda alisema, bila kuinua kichwa, kwamba amekuwa akifikiria yale mahubiri. Yule mtume alisema amejifunza kuridhika. "Amejifunza," alisema mzee. "Maana yake kuna siku alikuwa hajui."

Mama alikuwa anautazama mkono wake. Mumewe alikuwa ameukamata kwa mikono yake yote miwili, vidole vyake vimebana kifundo chake, na yeye hakusikia kitu. Kama angefumba macho angeapa kwamba hakuna mtu chumbani. Lakini yupo. Kichwa chake chenye mvi kimeinama pale, pumzi inapita puani, goti lake limebeba. Alifumba macho kwa makusudi. Hakuna. Akafumbua. Amenishika. Akafumba tena, na safari hii alikaa gizani kwa muda mrefu, hasikii chochote, na akajua kwamba ameshikwa.

Akaanza kulia. Mzee aliuliza kama amemwumiza, akajikumbuka, wote wawili wakacheka hadi wakakohoa. Hakumwambia alicholilia. Hakuwa amepona chochote, na binti hakuwa amerudi, lakini amani iliingia, na haikufanana na ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa haisikii maumivu. Hii iliyasikia yote.

*

Alirudi kanisani wiki ya sita, mumewe pembeni. Gauni lilikuwa na mikunjo, maana alilipiga pasi mzee. Alipoelekea benchi lake, Mama Kengele alimkuta katikati ya njia, akamshika bega kwa ncha za vidole, akamwambia kwamba upepo ni mzuri zaidi pale mlangoni, amemwekea kiti. Kiti kilikuwa kimoja. Fundi saa alisimama nyuma yake ibada nzima.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, mchungaji aliuliza nani ana neno, akitazama upande wa kwaya. Mama Pasi alisimama. Mchungaji alimwona, akaangalia karatasi zake. Mama hakusubiri.

"Nilisimama hapa nikawaambia Mungu ameniponya," alisema. "Haikuwa kweli. Sikudanganya, lakini haikuwa kweli."

Kengele ililia.

"Mkono uliacha kuuma kwa kuwa unakufa. Nina ukoma. Nimeshaanza dawa, siambukizi, daktari yupo muulizeni." Benchi lililokuwa karibu naye lilisogea lote kwa pamoja, kama watu waliopimiwa hatua. Kengele ililia tena, mara mbili, na sauti ya mama haikupanda wala kushuka. "Nimemuunguza mjukuu wangu kwa mkono huu mliousifu. Niliuweka vichwani mwa watoto wenu. Wapelekeni wakaangaliwe. Niliwaambia wenye maumivu kwamba hawana imani, na kwa hilo naomba mnisamehe, kwa kuwa maumivu yao yalikuwa yanawafanyia kazi njema na mimi nikayatukana."

Kengele ilikuwa imenyamaza. Hakuna aliyejua kwa nini, na mama hakugeuka kutazama.

"Kila jioni mume wangu ananishika mkono huu. Simsikii. Lakini amenishika. Ndivyo ninavyokaa na Mungu siku hizi. Sijui kama ganzi itaondoka. Binti yangu hajaniletea mtoto, na ana haki. Kazi sina. Nami nawaambia, sijapungukiwa na yeye hata kidogo. Sikulijua hilo nilipokuwa kwenye benchi la mbele. Nimemaliza."

Aliketi. Hapakuwa na amina hata moja. Mchungaji aliwaambia kwaya waimbe, na kwaya ikaanza chini mno, kila mtu na sauti yake. Mwanamke mmoja alimbeba mtoto wake akatoka naye mbio, akimpita Mama Pasi kwa mbali, na wengine wawili wakamfuata. Mama aliwaona wote. Aliumia, akaumia sana, na amani haikuondoka.

Alimwambia mzee watoke kabla ya baraka, wasiwape watu shida ya kutafuta pa kupitia. Walikuwa wamefika kwenye ngazi za nje alipoitwa kwa sauti ya chini. Mama Kengele alikuwa amesimama mlangoni, kengele mkononi, ulimi wake umebanwa kwa kidole isilie. Alimtazama fundi saa, na fundi saa, aliyejua wakati wa kutokuwapo, alikwenda kusimama chini ya ukuta.

Mama Kengele alikaa kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye heshima zake, na kukaa huko kulimchukua muda. Alivua kiatu cha kushoto. Soksi ilikuwa imelowa. Msumari ulikuwa umetoboa soli kutoka chini, umepanda ndani urefu wa kucha, unang'aa. Alikuwa ameukanyaga, kwa hesabu yake, tangu nyumbani kwake, na nyumba yake ilikuwa mbali.

Mama Pasi alipiga magoti, akauchukua mguu ule na kuuweka mapajani mwake. Akaivua soksi kwa mkono wa kushoto. Akakitazama kisigino, kisha akatazama juu yake, pembeni mwa kifundo, pale ngozi ilipopauka.

"Unauma?" aliuliza, ingawa alijua.

Mama Kengele alitikisa kichwa. "Tangu mwezi uliopita," alisema. "Nilidhani na mimi zamu yangu imefika. Jumapili ijayo nilikuwa nisimame kushukuru."